Mwanatabu Haitiki Mara ya Kwanza

Mwite mara moja, hakuitikii. Simama karibu naye kiasi cha kumkanyaga kanga, mwambie nyumba inaungua, Mwanatabu atakutazama tu machoni na kungoja. Mwite mara ya pili, na hapo "Abee" yake itatoka laini, yenye heshima zote, hata mtu asahau kwamba alikuwa amekasirika. Mimi sisahau. Mimi ni wifi yake, Zuleikha, na tunakaa nyumba moja hapa Likoni tangu ndugu yangu Mansur amwoe, wao upande wa kulia na mimi upande wa kushoto, ukumbi katikati. Sauti niliyoipoteza kwa miito ya kwanza ingenitosha kunadi viazi vyangu vya karai mpaka Diani.

Aliyemtia tabia hiyo ni mamake, Mungu amrehemu, kule Mtongwe. Alimwambia kwamba anayeita mara moja huenda si mtu. Jini haliiti mara mbili, halina subira hiyo. Kwa hiyo mwana mwenye adabu hungoja mwito wa pili ndipo aitike. Sisi wengine pia tulifundishwa hayo, lakini tuliambiwa ni mambo ya usiku. Mwanatabu aliyachukua yote, mchana na usiku, sokoni na hospitalini, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Ndugu yangu nusura amkose kwa ajili hiyo. Alimwona kwenye arusi ya jirani, akamwita kwa jina, akatazamwa, hakujibiwa. Akaja kwangu uso umemshuka, ati yule msichana ana maringo. Nikamwambia, "Hebu ita tena, yakhe. Haraka hizo zatoka wapi?" Akaita tena. Leo wana wajukuu.

Na mtu huyu, wallahi, riziki yake ilikuwa ni kupokea simu. Alikuwa opereta wa kiwanda kimoja cha sabuni huko Changamwe, amekaa mbele ya ubao wa simu tangu akiwa mwari. Mlio wa kwanza hakuupokea hata siku moja. Aliuacha upite, akapokea wa pili, "Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Wakubwa wa kiwanda walidhani amesomea hayo mahali. Waliwaambia opereta wengine wajifunze kutoka kwake.

Kisha mambo yakabadilika. Kiwanda kikaletewa mtandao, na ubao wa simu ukawa wa kung'olewa. Vijana waliokuja kufunga mitambo walimkuta amekaa mahali pake, wakamuuliza, "Mama, wifi iko wapi?"

Akawajibu kwa upole, "Wifi yuko nyumbani Likoni, akaanga viazi. Mwamjua?"

Kijana mmoja aliteremka kwenye ngazi ili acheke vizuri. Mwingine akamuuliza kama wifi huyo ana nywila. "Hana," akasema Mwanatabu, "ila ana mdomo."

Aliponisimulia jioni hakuona kichekesho kiko wapi. Mimi ndiye niliyewaka, na si kwa sababu ya mdomo, maana huo ninao. Niliwaka kwa "iko". Iko ni meza. Mimi ni mtu mzima, nina jina na nina ukoo, kwa hiyo nina haki ya "yuko".

Siku chache baadaye meneja alimwita ofisini. Alimwita mara mbili, maana alikwisha mzoea. Akamweleza kwamba simu zote sasa zitapita kwenye kompyuta, na opereta hahitajiki tena. Kulikuwa na kiti kimoja kwenye dawati la msaada, pale ambapo mfanyakazi ambaye kompyuta yake imegoma hupiga na kuomba kusaidiwa. Kiti hicho kingekuwa chake akifaulu mtihani wa cheti cha misingi ya mitandao. Kampuni ingemwandikisha mara moja tu. Akianguka, au asipotokea, angepewa mkono wa heri na kuambiwa apumzike.

Alirudi nyumbani akakaa ukumbini na buibui lake, hakulivua. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia yote. Kisha akasema, "Mimi, wifi, n'kinyamazishwa n'takufa."

Hakulia. Alisema hivyo tu, akitazama mikono yake. Niliumia mpaka ndani, kwa sababu nilijua ni kweli. Watu humwambia mtu apumzike kana kwamba wanampa zawadi, na huyu maisha yake yote yalikuwa kuunganisha wanaotafutana. Lakini kumwambia hivyo sikuweza. Nilimwambia chai imechemka.

Basi tukaanza kusoma. Nasema tukaanza, ingawa hakuna aliyeniandikisha mimi. Mwalimu alikuwa Elkana, kijana wa Bara anayesimamia kompyuta za kiwanda, makazi yake Mikindani. Mwanatabu hasomi kwa macho. Kitabu humletea usingizi. Husoma kwa masikio. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri Elkana alipiga simu, mlio wa kwanza ukapita, wa pili ukapokewa, na simu ikawekwa kwenye ndoo iliyofudikizwa, sauti imefunguliwa yote, kati ya Mwanatabu na mimi ninayemenya viazi. Nilisikia masomo yote kwa lazima. Kisu kilikuwa mkononi na viazi havikuwa vimekwisha, ningekwenda wapi?

Mambo aliyoyasema yule kijana! Alianza na tabaka saba za mtandao. Nikasema mimi tabaka saba nizijuazo ni za mbingu, na hizo ziliumbwa bila nyaya. Mwanatabu akaniambia ninyamaze. Elkana akafika kwenye bandari. Akasema kompyuta moja ina bandari nyingi, kila huduma huingilia yake, na kurasa za tovuti huingilia bandari ya themanini. Ndugu yangu Mansur, aliyepakua meli Kilindini mpaka mgongo ukamkataa, alikuwa amejilaza chumbani. Akatoka na saruni yake, amekasirika.

"Gati la themanini liko wapi?" akauliza. "Nimefanya kazi bandarini ujana wangu mzima. Huyo awapoteza!"

"Mzee, hii ni bandari ya kompyuta," Elkana akajibu kutoka kwenye ndoo. "Haina maji."

"Bandari isiyo na maji?" Mansur akanitazama mimi, akaitazama ndoo, akarudi kulala. Wiki iliyofuata aliposikia mkewe atafundishwa kupiga pingi alisikia pingu, akavaa kofia aende kwa chifu.

Mengine yaliingia vizuri. Lile lango ambalo kila ujumbe hupitia ukitaka kutoka nje ya mtandao, Mwanatabu alilishika palepale. Alisema ni feri. Ukitaka kwenda popote nje ya Likoni, wapita feri, na feri ikikwama nyote mwabaki mkitazamana. Elkana akauliza, "Na Dongo Kundu, Mama?" Akamwambia hiyo ni njia ya akiba, ndefu, ya kutumia mwenye gari. Kijana akasifu mpaka nikaona wivu.

Kisha ikaja habu na swichi. Elkana akaeleza kwamba habu ni kifaa cha kizamani: kikiletewa ujumbe wa mtu mmoja, humpelekea kila aliyeunganishwa, anayehusika na asiyehusika. Swichi ina akili zaidi, humpelekea mwenyewe peke yake. Mwanatabu akafikiri kidogo.

"Nimefahamu," akasema. "Kwa mfano mimi ni swichi. Na habu yuko hapa kando yangu, amenya viazi."

Elkana akakohoa kwenye simu, nadhani alikuwa anajificha asisikike akicheka. Sikumsemesha Mwanatabu mpaka Jumatatu. Na sikatai kwamba habari za mimba ya binti wa jirani zilipitia kwangu, lakini zilikuwa habari njema.

Somo lililoleta balaa ni hilo la pingi. Elkana akasema, "Mama, kama unataka kujua kompyuta fulani iko, unaiita. Hiyo kuita ndiyo pingi. Kompyuta yako inaita mara nne, inangoja majibu. Sasa mara nyingi utaona hii kitu: ya kwanza imepotea, hakuna jibu. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote zimejibiwa. Kwa nini?"

Mwanatabu alikuwa ameshika kiazi changu. Kilianguka kikabingirika mpaka mlangoni.

"Rudia hapo," akasema.

Elkana akarudia. Akaeleza kwamba kompyuta ikimwita jirani isiyemjua, haina anwani yake halisi, ile aliyozaliwa nayo. Kwa hiyo husimama kwanza na kuuliza mtaa mzima: nani hapa mwenye jina hili? Kazi hiyo ya kuuliza inaitwa Arp. Wakati jibu linasubiriwa, pingi ya kwanza imekwisha anguka. Jirani akijibu, anaandikwa kwenye jedwali. Baada ya hapo ukiita, hata mara moja tu, huitikwa papo hapo, kwa sababu sasa mnajuana.

Mimi nikauliza huyo Arap ni nani, maana hilo ni jina la watu wa Bara, ni babake Elkana? Mwanatabu alikuwa amesimama, machozi yamemlenga.

"Mamangu alisema!" akapiga kelele. "Mamangu, hakuona kompyuta hata ya kuchora! Wa kwanza haitikwi! Wasikia, wifi? Miaka yote hii waninunia!"

"Kompyuta haziogopi majini," nikamwambia.

"Wajuaje?"

Basi tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Nikimwita, hunitazama kwa macho yale yale, na tabasamu la ziada juu yake. Nikimwambia, "Sisi twajuana, weye mwanamke! Kama ni jedwali nimo!" hunijibu kwamba jedwali lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aandikaye.

Siku ya mtihani nilifunga karai. Sikumwambia ni kwa ajili yake, nilimwambia mafuta yamepanda bei. Tulivuka asubuhi, tukafika kwenye jengo moja la ghorofa upande wa Airport, mahali ambapo kila ndege ikiruka madirisha hutetemeka. Mtihani ulikuwa wa kufanyia kwenye kompyuta, na matokeo hutoka hapo hapo. Watahiniwa walikaa ukumbini kwenye viti vya plastiki, wengi wao vijana wa kuweza kuwa wajukuu zetu, masikio yamezibwa kwa vidude vya muziki. Mwanatabu alikaa katikati yao na buibui lake jipya. Sisi wasindikizaji tuliwekwa kwenye benchi la ukutani. Nilikuwa nimebeba viazi kwenye bakuli la kufunika, kwa maana mtu hawezi kufikiri na tumbo tupu.

Msimamizi akatoka. Jina lake lilikuwa limebandikwa kifuani, Quinter, mwanamke mrefu, mkavu, haraka zake za Bara zimemkaa mwilini. Akasema atakayeitwa aitike, aingie, na asiyeitika atahesabiwa hakufika. Akaanza. Kila jina alilitaja mara moja, kijana akaitika, akaingia.

Ndipo nikaiona hatari. Mimi na yeye tulikuwa tumefikiria kila kitu, tabaka na bandari na lango, hatukufikiria hili.

"Mwanatabu Matano."

Nikamtazama. Alikuwa amemkazia Quinter macho, mgongo umenyooka, midomo imejiweka tayari kwa ile "Abee", anangoja. Wallahi niliiona ile "Abee" imesimama nyuma ya meno. Nikamkodolea macho, nikamtikisia bakuli. Alinitazama kwa uso wa mtu aliyefungwa kamba. Nadhani alitaka. Nadhani siku hiyo alitaka kwa roho yake yote, na mamake akamshika ulimi kutoka Mtongwe.

Quinter akaweka alama, akasoma jina lililofuata. Kijana mwingine akaingia. Majina yakaisha. Akafunga mlango.

Mwanatabu alibaki peke yake kwenye vile viti vyote vya plastiki. Hakusogea. Akasema polepole, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Angeita tena."

Nilichofanya baada ya hapo sikukipanga. Nilijikuta mlangoni, napiga kwa kiganja, bakuli kwapani. Quinter akafungua.

"Madam, kuna mtihani hapa."

"Umepiga pingi ngapi?" nikamuuliza.

"Umesema?"

"Pingi! Huyu mwanamke umempigia pingi ngapi? Moja! Nimekuhesabia, moja! Kompyuta hupiga nne, na ya kwanza huanguka, hata asiyesoma ajua! Sasa weye, mwana wa watu umesoma, yaanguka ya kwanza na papo hapo waandika mtu hayupo? Umeuliza mtaa? Umemtuma Arap?"

Ndege ikaruka juu yetu. Tukatazamana mpaka ipite, kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Ilipopita niliona pua yake inacheza.

"Arap," akasema.

"Ndiye! Amtafute kwanza mwenye jina, ndipo uite tena!"

"Madam, wewe pia ni mtahiniwa?"

"Mimi ni wifi."

"Wifi?"

"Wifi! Na sina nywila, usiniulize!"

Yule mwanamke mkavu aliegemea kizingiti akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja. Nyuma yake kijana mmoja kwenye kompyuta alikuwa anacheka pia, akaambiwa atazame mbele. Quinter akatazama saa. Akasema mitambo haijafunguliwa bado, bahati yetu, na kwamba kazi hii amefanya siku nyingi lakini hajawahi kukemewa kwa itifaki. Kisha akajinyoosha, akapaza sauti juu ya kichwa changu:

"Mwanatabu Matano!"

"Abee," akasema Mwanatabu. Laini, yenye heshima zote, kama kwamba hakukuwa na jambo. Akainuka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia.

Nilikaa kwenye benchi. Nilifungua bakuli nikala kiazi kimoja, nikala kingine, nikala na cha tatu, mpaka nikagundua namaliza chakula cha mtu. Niliomba dua zote nizijuazo. Niliwaza nyumba ile akiwemo yeye mchana kutwa, ameketi ukumbini na mikono mapajani, hana wa kumuunganisha na hana wa kumuuliza habari za asubuhi. Nikasema, Mola wangu, miito yangu yote ya kwanza naisamehe. Asiitike mpaka tufe, lakini afaulu.

Vijana walianza kutoka mmoja mmoja, wengine wanaruka, mmoja ananung'unika. Mwanatabu akatoka wa mwisho. Uso wake haukuwa na kitu cha kusoma. Alitoka mlangoni akaenda moja kwa moja kuelekea ngazi, kana kwamba amesahau kuwa nipo. Nikamwita palepale kwenye benchi.

"Mwanatabu!"

"Abee, wifi."

Nilifungua kinywa nimwite mara ya pili, kwa mazoea, nikabaki nacho wazi. Yeye alikuwa amegeuka, ananitazama.

"Umeitika," nikasema.

"Nimeitika."

"Mara ya kwanza."

"Lile swali lilikuja," akasema. Akaja akakaa kwenye benchi kando yangu. "Lile la pingi ya kwanza, kwa nini hupotea. Kwa Kizungu, maneno yote yamepinda. Nikafumba macho, nikakusikia mlangoni wapiga kelele za Arap. Nikalijibu." Akafunua bakuli, akaona kiazi kimoja tu kimebaki, akakila bila kusema neno. "Nimepita, wifi. Nimepita kwa kubanana, lakini nimepita."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sauti hata Quinter akatoka kuangalia. Kisha nikapangusa pua na kumuuliza lililokuwa likinichoma zaidi ya matokeo. Nilimuuliza imekuwaje akaniitika.

"Weye sasa umo kwenye jedwali," akasema. "Nimekuandika mle ndani, leo."

Siku iliyofuata asubuhi, kabla ya kuwasha karai, nilisimama ukumbini kwa furaha zangu zote nikamwita. Kimya. Kupitia mlangoni namwona, anachana nywele, ananitazama kwenye kioo. Damu ikanipanda. Nikamwita tena.

"Abee, wifi."

"Na jedwali?"

"Nililala," akasema. "Mtambo ukizimwa, jedwali hufutika. Muulize Elkana."

Nilimuuliza Elkana, kwa simu yangu mwenyewe, na kwa ukali. Akasema ni kweli kabisa. Sasa Mwanatabu ana kiti chake kwenye dawati la msaada na watu wa kiwanda kizima wanamtafuta kwa sauti yake, na mlio wa kwanza bado anauacha upite. Mimi kila asubuhi namwita mara mbili. Baada ya hapo, siku nzima, nikimwita mara moja tu anaitika.